Majani niliyompelekea mdogo wangu Runazi, na chupa ya damu ya mzee wa Nemba

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nawataja kwanza waliokuwepo siku ile, ili kama mmoja wao anapita humu aseme nilipokosea.

Nilikuwepo mimi. Alikuwepo Editha, mdogo wangu anayenifuata. Masanja, mume wake. Mama yake Masanja, ambaye na mimi namwita mama. Nesi mmoja wa wodi ya wazazi. Na Mzee Sebastiani wa Nemba na kijana wake Fideli, ambao kabla ya siku hiyo hatukuwajua.

Majina nimebadilisha, wenyewe watajijua. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Kwetu ni Bugarama, Ngara. Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa kidato cha pili. Tukabaki watatu: mimi, Editha, na Deo ambaye hata kuvaa kaptula mwenyewe alikuwa hajajua. Shule niliacha mwezi uleule. Sketi yangu nilimpunguzia Editha, akasoma nayo.

Editha alipoolewa Runazi, Biharamulo, kwa Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga, mimi ndiye niliyekaa kwenye nafasi ya mama siku ya mahari.

Sasa nisikilizeni hapa.

Kwa mama yetu, na kwa majirani wengi, binti akifika mwezi wa mwisho mama yake humpelekea majani ya kuchemsha, ya kuharakisha uchungu. Mama aliyapanda nyuma ya migomba. Hadi leo yapo, yanajiotea tu.

Mimba ya kwanza ya Editha sikupeleka. Alijifungua salama, mtoto wa kike, lakini kijijini nilisemwa. Jirani mmoja alisema kisimani mbele ya watu, "Mtoto asiye na mama anajulikana tu."

Yale maneno yalinikaa. Mimba ya pili nikasema sitasemwa tena. Nikachuma fungu zima, nikafunga kwenye kanga, nikaenda Runazi.

Uchungu ulianza asubuhi. Nikachemsha sufuria nzima.

Namkumbuka mama akiwapa wenzake dawa ile kwa kikombe kidogo. Sikumbuki kama kilijaa au kilikuwa nusu. Sikumbuki walikunywa mara ngapi. Nilikuwa mtoto wa kutumwa maji, vipimo sikuviangalia, na mama alikufa sijamuuliza.

Editha alinywa vikombe viwili vikubwa.

Mama Masanja aliangalia kile kikombe akasema, "Sisi hatunaga hii. Lakini wewe ndiye mama yake."

Wakuu, nilijisikia vizuri aliposema hivyo. Sitawadanganya.

Uchungu ulikuja kwa kasi kupita kiasi. Haukuwa unampa hata nafasi ya kumeza mate. Masanja akawasha pikipiki, Editha akakaa katikati, mimi nyuma nimemshika. Mama mkwe akafuata na bodaboda nyingine. Saa nne tulikuwa hospitali ya wilaya.

Nesi alimpima, akamsikiliza mtoto, akauliza, "Amekunywa dawa yoyote ya kienyeji?"

Tukaangaliana.

"Jamani, sitamgombeza mtu. Nataka kujua tu."

"Hapana, nesi," nikajibu mimi.

Niliogopa nini? Niliogopa kuonekana mshamba. Kliniki tumezoea kufokewa, nikaona na hii itakuwa hivyohivyo, mbele ya wakwe. Editha aliniangalia, akafumba macho. Hakunisaliti.

Nesi akaandika. Nilimwona akiandika uongo wangu kwenye faili kwa mwandiko mzuri kabisa.

Kama saa moja ikapita. Editha akapiga ukelele mmoja ambao haukufanana na nyingine, kisha uchungu ukakatika. Akaanza kutoka jasho la baridi, midomo ikawa myeupe. Nesi akarudi mbio, akamshika tumbo.

"Mbona uchungu umekatika ghafla? Mama, huyu kapewa nini?"

Mimi nilikuwepo pale na mdomo wangu. Aliyesema ni mama Masanja.

"Amekunywa, mwanangu. Majani. Vikombe viwili, asubuhi. Dada yake aliogopa kusema, na mimi nikamsitiri. Tusamehe, muwahi mtoto wetu."

Nesi hakugomba. Afadhali angegomba. Alitoka anakimbia kumwita daktari.

Kizazi kilikuwa kimepasuka. Wakati wanamwingiza thieta, nesi alikuja kwetu kwenye benchi. Alisema damu inatakiwa chupa tatu. Ya kundi lake kwenye friji ipo moja. Nyingine mbili zipo, lakini zimetengwa kwa mzee wa wodi ya wanaume anayefanyiwa upasuaji wa tezi dume kesho. Wanawe wawili ndio walimtolea.

"Daktari ameshaagiza zichukuliwe," akasema. "Lakini nendeni mkamwambie mwenyewe. Asije akasikia kwa watu."

Tulikwenda mimi na Masanja. Mzee alikuwa amekaa kitandani, mpira wa mkojo umeningʼinia, mfuko uko kwenye ndoo ndogo ya rangi. Nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Mbona unalia na mimi sijafa?"

Nikamweleza. Fideli alisimama. "Baba, daktari wa tezi anaondoka kesho jioni. Hapa anakuja kwa ratiba, miezi mitatu ndiyo arudi! Na sisi hatuwezi kutoa tena sasa hivi!"

"Kaa chini, Fideli. Mimi na huu mfuko tumeshazoeana. Hata kanisani naingia nao, watu wananipisha benchi zima." Masanja alicheka kidogo, halafu akaona aibu. Mzee akanigeukia. "Apewe. Lakini mnirudishie. Mimi si malaika, nina maumivu."

"Nitarudisha mimi, baba," nikasema.

Editha alipona. Mtoto hakupona, alikuwa wa kiume. Kizazi walikitoa. Mdogo wangu hana hata miaka thelathini na hatazaa tena.

Mchana uleule tulikwenda maabara kutoa damu. Masanja alipimwa, akafaa, akatoa. Hiyo ni moja.

Mimi nilipandishwa kwenye mzani. Kilo arobaini na sita. Yule wa maabara akanishusha kwa upole. "Mama, tunaanzia hamsini. Nikikutoa wewe, utakuwa mgonjwa mwingine."

Nikamwambia nimeahidi. Akasema ahadi haina uzito, nirudi nikinenepa.

Siku ya tatu Editha aliweza kukaa. Aliniuliza jambo moja tu.

"Dada, mama alikuwa anawapa kiasi gani?"

"Sijui," nikamjibu.

Akageukia ukutani.

Hajanitukana. Nikipiga simu anapokea, tunasalimiana, anamuulizia Deo. Lakini likizo hii mtoto wake wa kike hakuletwa Bugarama kama kawaida, na sikuuliza sababu.

Kuhusu ile chupa ya pili. Deo hajafikisha miaka kumi na minane. Masanja lazima akae miezi mitatu. Ndugu zake niliwafuata mmoja mmoja, wakasema aliyeleta majani arudishe mwenyewe. Siwalaumu.

Kwa hiyo nakula. Ugali wa muhogo, maharage, maziwa nikipata. Siku nyingine chakula hakishuki, nakisukuma na maji. Kila Jumamosi napima kwenye mzani wa mashine ya kusaga, wananitania kwamba natafuta mchumba. Nawaacha wacheke.

Yale majani nilitaka kuyangʼoa. Nilishika jembe, nikalirudisha. Ni mkono wa mama ulioyapanda. Ila jirani yeyote akija kuyaomba namkalisha chini, namsimulia haya yote, na anaondoka bila jani hata moja.

Nilichojifunza, hasa kwa dada wakubwa mliobaki na nafasi ya wazazi: nafasi ya mama tunaweza kuikalia, lakini alichokijua mama hatukurithi. Na nesi akiuliza, jibuni ukweli palepale, hata kama wakwe wamesimama. Ile saa moja niliyonyamaza ndiyo ninayoiota.

Mnaojua namna ya kuongezeka uzito bila gharama kubwa, nielekezeni. Mnaotaka kunitukana nanyi andikeni, nitasoma zote.

Wiki iliyopita nilikwenda Nemba kumsalimia mzee. Yuko uani na ndoo yake ya rangi, amekonda. Daktari wa tezi anatarajiwa mwisho wa mwezi ujao. Fideli atakuwa ametimiza muda wake, atatoa moja; ndugu yake amesafiri, hatakuwepo. Ya Masanja ipo kwenye hesabu, lakini safari hii wameambiwa zitengwe tatu.

Mzee hakunidai. Aliniuliza tu, "Binti, umefikia ngapi?"

Nikamwambia arobaini na nane.