Do-mi-so ya Mwalimu Bartholomayo

Kyaruzi alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaisha. Ulikuwa uchovu wa masikio. Tangu enzi za kanda amekaa kwenye kibanda chake pale Kashai akiwawekea watu nyimbo: kwanza kanda kwa kanda, kisha sidii, kisha kadi za simu, na sasa flashi. Siku hizi vijana wanajishushia wenyewe, na yeye wamemwachia wazee na kwaya zao. Wanamletea kanda zilizokaa darini zikila moshi. Anazicheza kwenye deki kuukuu, kompyuta inazirekodi kwa mafaili makubwa makubwa, halafu anayageuza yawe MP3, maana hizi redio za flashi za madukani hazijui kusoma kitu kingine. Kusikiliza nyimbo za watu kutwa nzima, we acha tu. Nyumbani alishampiga marufuku mkewe Lilian kuwasha redio.

Sasa, kwenye ile programu ya kugeuza mafaili kuna kisanduku cha kuweka tiki, cha kuondoa ukimya mwanzo na mwisho wa wimbo, na hata katikati ukizidi kidogo. Waendesha bodaboda ndio waliomfundisha kukipenda. Bodaboda hataki wimbo unaoanza kwa kukohoakohoa. Akibonyeza, ngoma ilie hapo hapo. Basi Kyaruzi akaweka tiki siku moja na hakuitoa tena. Kila wimbo uliopita mikononi mwake ukakatwa kichwa na mkia, wa dansi na wa Bwana, wala hakuna aliyelalamika mpaka alipokuja mama mmoja aitwaye Gaudiosa.

Alikuwa mjane wa kule Kanazi. Mumewe, Mwalimu Bartholomayo, ndiye aliyeifundisha kwaya ya kigango chao mpaka Mungu alipomchukua. Mwezi uliopita alikuwa amemletea Kyaruzi kanda ya kwaya hiyo, akarudi nayo nyumbani pamoja na flashi. Leo alikuja na flashi peke yake, ameifunga kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, tata. Nyimbo nimezikuta zote. Kasinge, asante. Lakini mzee simsikii."

Kyaruzi akaichomeka. Kwaya ikalipuka kwa nguvu zote. "Si hawa hapa, mama?"

"Hao ni kwaya. Mzee hakuimba. Yeye alisimama mbele akapunga mikono. Lakini kabla ya kila wimbo alitoa noti, kidogo tu, kama anajisemea. Do, mi, so. Hapo ndipo nilikuwa namsikia."

Kyaruzi akaitazama ile tiki kwenye kioo cha kompyuta. Mtu wa kwaya anajua: mwalimu wa nyimbo hatoi noti kwa kelele, anainong'oneza, kila sauti ichukue ya kwake. Na mashine haijui mwalimu wala noti. Ikisikia mnong'ono, inasema huu ni ukimya, inafyeka. Wimbo baada ya wimbo, mzee wa watu alikuwa amefyekwa.

"Niletee ile kanda nirudie," akasema upesi. "Ni kazi ya mara moja."

"Si uliniambia nitupe?"

Kweli alimwambia. Tena alimwambia bila hata kuinua uso: mama, kanda hiyo sasa tupa tu, kila kitu kimo humu. Na kijijini kitu hakitupwi. Joviana, mkwe wa mama Gaudiosa, alikuwa ameuvuta ukanda wote akautandaza juu ya mtama, uvume kwa upepo na kufukuza ndege. Mvua ikaunyeshea, jua likauchoma. Yale mafaili makubwa nayo Kyaruzi alishayafuta siku nyingi, apate nafasi ya kazi za wengine.

Angeweza kusema kanda ilikuwa mbovu. Mama yule asingejua, na uongo ulikuwa karibu sana na ulimi. Lakini hata kudanganya kunataka nguvu.

"Nimemkata mimi, mama," akasema. "Mashine ni yangu, na niliiacha ikate. Nisamehe."

Mama Gaudiosa akasema polepole, "Sura yake ninayo, picha ipo ukutani. Sauti ndiyo inaniponyoka. Asubuhi nyingine naitafuta, siioni. Basi tena."

Kyaruzi aliona aibu. Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu alikuwa amemkalia mapajani. Akaanza kuzipitia nyimbo moja moja, mama akiwa kando yake, si kwa sababu alikuwa na tumaini bali kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Karibu na mwisho akakumbuka. Kuna wimbo mmoja uliovurugika katikati, kwaya ikapotea, wakaanza upya. Alikusudia kuikata ile vurugu kwa mkono wake. Siku hiyo alichoka, akasema nitaikata kesho, na kesho akachoka tena.

Akautafuta, akauacha ucheze. Kwaya iliimba vizuri, kisha sauti ya pili ikateleza, na mtu akapiga makofi kuwasimamisha.

"Sauti ya pili mnakwenda wapi?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, kavu, yenye hasira ya karibu na kicheko. "Wewe Gaudiosa, unakimbia nini? Nani anakukimbiza? Haya, turudie."

Watu wakacheka kwenye kanda. Mama Gaudiosa hakucheka. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Hatukuwa tumeoana bado," akasema. "Alinigombeza hivyo mbele ya watu, nikasusa wiki nzima." Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. "Rudisha, tata."

Akarudisha. *Wewe Gaudiosa, unakimbia nini?* Akarudisha tena. Kila mara, baada ya "turudie", wimbo uliingia ghafla, kwa sababu pale pia noti zilikuwa zimeliwa.

"Safari hii akisema turudie, simamisha hapo," akasema mama.

Kyaruzi akasimamisha. Mle kibandani mkawa kimya, na mama Gaudiosa akafumba macho, akanong'ona: do, mi, so.

"Sasa waache waimbe."

Kyaruzi akabonyeza, na kwaya ikaingia kwenye noti ileile.