Mama Spiriti na Gesi ya Chini ya Darasa

Kengele ya shule haijalia bado, na Mama Spiriti, fundi wa kupima gesi, amelala kifudifudi kwenye sakafu ya darasa la pili, akiingiza ncha ya mpira mwembamba kwenye ufa. Mashine yake, kubwa kama sanduku la nguo, inanguruma taratibu mlangoni.

"Leo namba imeshuka," anasema, akipangusa vumbi kidevuni. "Lakini mimi sidanganyiki upesi."

Mashine hiyo huvuta hewa na kuipitisha kwenye bomba lenye vioo viwili. Humo ndani mwanga wa leza usioonekana kwa macho hudunda huku na huko, na gesi ya methani ikiwepo hunyonya sehemu yake. Kinachopungua ndicho kinachohesabiwa. Hewa ya kawaida ina methani sehemu mbili hivi katika kila milioni. Mwezi uliopita, kwenye ufa huu, fundi huyu alipata sehemu mia nane.

Shule imejengwa juu ya shimo la taka la zamani, na taka zikioza hutoa gesi hiyo, isiyo na rangi wala harufu. Ikijazana chini ya sakafu, cheche moja tu yatosha kuleta msiba.

Hata hivyo, mwanzoni hakuaminiwa. Mbona? Jina lake la utani linajibu. Siku chache kabla ya hapo alisafisha mdomo wa mpira kwa spiriti, akawasha mashine bila kusubiri ikauke. Mvuke wa spiriti ukasomeka kama gesi. Shule nzima ikatolewa nje, wazazi wakaja mbio, mmoja na kandambili ya mguu mmoja. Loo, alichekwa!

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema. "Najua fika spiriti lazima ikauke. Haraka ndiyo iliyoniponza."

Kwa hiyo mia nane ilipotokea, mwalimu mkuu alikunja uso. "Mama, umesafisha tena?"

Mwingine angefunga virago. Yeye alifunga mpira mpya, ambao haujawahi kuguswa na spiriti, mwalimu mkuu akiangalia. Akaunganisha mtungi wa hewa safi, namba ikatulia chini. Akarudisha ncha kwenye ufa, ikapanda. Akatoa, akarudisha. Ikapanda tena.

"Nikamwambia, mwalimu, utanicheka mpaka uchoke, ila watoto watoke kwanza."

Mwalimu mkuu mwenyewe hakatai. "Niliona aibu kuwatoa tena, wazazi wangenila nyama. Lakini ilipopanda tena, nikawatoa." Darasa likafungwa siku hiyohiyo.

Sasa mabomba ya kutolea gesi yanachimbiwa nyuma ya ukuta, na watoto wanasomea chini ya turubai. Mmoja wao ni binti wa fundi.

"Kila jioni ananibembeleza, 'Mama, tufungulie darasa, kule turubaini joto.' Roho inaniuma jamani. Namwambia bado, mwanangu."

Mpango wake ni kupima kila asubuhi hadi namba ya ufa ilingane na ya hewa ya uwanjani, kisha avuke msimu mzima wa mvua. "Udongo ukilowa, gesi hukosa pa kutokea nje, inatafuta njia ya ndani. Nataka nione mvua zimepita."

Mwalimu mkuu anaingia na shada la funguo. Anachomoa wa darasa la pili, anamwekea kiganjani.

"Kaa nao wewe," anasema. "Hata mimi nikiuomba, usinipe mpaka uridhike."

Mama Spiriti anautia mfukoni, anarudi kulala kifudifudi.