Spika ya Mlangoni

Mdomo wangu umeniponza, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Bombambili, na kila mazoezi nawaambia waimbaji wangu kwamba wenzetu wa Mshangano wanaimba kama watu wanaofukuza ndege shambani. Uongo mtupu. Mwalimu wao, Dada Agripina, ana sauti ya kumsahaulisha mtu njaa, na Jumapili moja nilimrekodi kwa siri.

Ili nimsikilize bila kuumbuka, juzi nikaenda mjini kuchagua hedifoni za bluetooth. Zile ndogo za kupachika sikioni niliziogopa, zingedondoka nikiwa kwenye bodaboda. Nikachagua za kufunika masikio, nikazivaa, nikabonyeza jina la kwanza lililotokea kwenye bluetooth ya simu, nikaufungulia wimbo.

Jamani! Sauti ilijaa kichwa kizima. Nikafumba macho, mkono wenyewe ukaanza kuongoza kwaya.

"Hizi nachukua!" nikamwambia muuzaji. "Na huyu dada anajua kuimba, wangu wote hawamfikii hata robo!"

Muuzaji akanigusa bega. "Mwalimu, hizo hujaziwasha bado. Umeunganisha spika yangu ya mlangoni."

Nikafumbua macho. Barazani watu wamejaa, waimbaji wangu wawili wakiwa mbele kabisa. Katikati yao amesimama Dada Agripina na kikapu chake.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu," akasema kwa upole.

"Milele, amina."

"Vipi, hao ndege wameshaondoka shambani?"