Bomba la Chemchemi

Sikusoma, lakini mabomba ya Mjerumani kutoka chemchemi ya Uluguru hadi Morogoro mjini niliyaunga mimi, nyapara mkuu. Maji yasingefika siku ile ya kuyafungulia, kazi ningeipoteza. Bibi wa Kiluguru aliyetunza chemchemi akasema, "Chuma hakigusi maji haya kabla ya tambiko."

"Shikamoo, bibi," nikamcheka. "Bwana Mkubwa anataka maji, hataki kuku wako."

Hakuitikia.

Maji yaliingia bombani kwa kishindo, lakini mjini hayakutoka hata tone. Nilikagua njia nzima, kila kiungo kikavu. Nikatega sikio kwenye chuma. Ndani, sauti ya bibi niliyemwacha mlimani ikasema, "Marahaba, mwanangu."

Nami, mwanamume nisiyetishwa na mzungu, nilipanda nikaling'oa bomba la kwanza kwa mikono yangu. Cheo nikamwachia mwingine.