Unga Usiosagwa

Mama Miche hakuwa mtu wa kukaa kitako. Aliotesha miche nyuma ya nyumba, akaiuza getini, na kila asubuhi aliingia bustanini na kitambaa kibichi begani, akipangusa jani moja moja ili ling'ae machoni pa mteja. Mumewe alimtania kwamba majani yangekuwa na nywele, angeyasuka. Yeye alicheka tu, mkono ukiendelea na kazi.

Ndipo matango yakaanza kupauka. Madoa meupe yalitapakaa juu ya majani, kama kuna mtu kapita akipepeta unga wa ngano. Wenye bustani huuita ubwiri unga. Ni ukungu, wala haujasagwa na mtu. Mama Miche aliupangusa. Kesho yake ukarudi, akaupangusa tena.

Upande wa pili wa ua aliishi wifi yake, dada wa mumewe. Huyo alikuwa na kichaka kimoja tu cha maua, dalia nyekundu alizoachiwa na marehemu mama yake. Mtu hakuchuma hata ua moja bila ruhusa.

"Wifi, huo ugonjwa wako hautavuka kuja huku?"

"Aa, huo ni wa matango bwana. Wewe lala usingizi wako."

Aliyekosa usingizi ni Mama Miche mwenyewe. Neno lilishamtoka, na roho haikutulia. Kila akimaliza kupangusa matango, alivuka ua kwenda kukagua dalia, na kwa kuwa mikono yake haikujua kukagua bila kushika, akazipangusa nazo. Kitambaa kilekile. Akiziona safi anashusha pumzi, lakini muda si muda roho iko juu tena, anarudi.

Siku doa la kwanza lilipotokea kwenye dalia, aling'oa matango yote akayachoma, akaenda mbio kumwita bwana shamba. Bwana shamba aligeuzageuza jani, akakiri kwamba kwenye matango ameuzoea, ila kwenye dalia za mtaa huu ndiyo kwanza anauona. Upepo nao hubeba, alisema. Kisha akakitazama kile kitambaa begani.

"Na hicho, asubuhi kinaanzia wapi?"

Mama Miche alikishusha kitambaa begani. Wifi yake alikuwa amesimama palepale.

"Ni mimi, wifi," alimwambia. "Nimekuletea mwenyewe, kwa mkono wangu."

Wifi hakugomba. Heri angegomba. Bwana shamba alikuwa amesema mizizi ni mizima, itachipua, basi wifi alichukua kisu akakata maua ya mama yake mpaka chini. Kisha akamwambia, "Upande wangu usikanyage."

Siku zilizofuata Mama Miche aliteseka. Alifagia palipokwisha kufagiwa, akahamisha makopo ya miche huku na huko, akasimama katikati ya ua akinyoosha shingo. Mumewe alimwambia atachimba mtaro kwa kwenda na kurudi. Safari hii hakucheka.

Asubuhi moja akasikia, "Wifi, njoo uone."

Alifika anahema. Udongo ulikuwa umepasuka, vichipukizi vimetoka. Mikono ilimtangulia, akaiwahi, akaifunga mgongoni, vidole vimekabana.

"Vimeota vingapi?" aliuliza.

Wifi aliitazama ile mikono iliyofichwa, akasogea kumpisha.

"Hesabu mwenyewe," alisema. "Kwa macho."