Mizizi ya Magugu Maji

Kikapu nilichonunua juzi kimesukwa kwa mashina makavu ya magugu maji. Jana kilinyeshewa, kikatoa ile harufu ya ziwa, nami nikawa tena ufukweni Igogo, nimevaa sare, nimetumwa na mwalimu kuleta mmea wenye mizizi yake yote.

Magugu yalikuwa yamefunika ziwa hadi mbali, ungedhani ni shamba. Nikavuta gugu moja. Majani yaling'aa kama yamepakwa mafuta, vikonyo vyake vimevimba hewa. Chini mizizi ilining'inia mirefu, myeusi, kama nywele za mtu aliyetoka kuoga.

"Lete kwanza," alisema jirani yetu, mama ambaye mwanawe alizama na mwili haukuonekana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akapitisha vidole kwenye mizizi taratibu, hadi nchani. Hakupata kitu. "Haya, peleka. Hii haigusi udongo, mwanangu. Inashika inachokikuta."

Nyuma yake magugu yalikuwa yamelazwa safu kwa safu, mizizi yote imechanwa ikanyooka.

Kikapu kimekauka sasa. Kabla ya kutia vitunguu, nimeingiza mkono nikapapasa mpaka chini.