Muti wa Biyari Waliouanikia Nyavu

Nilirudi kutoka kiliniki ya Nchelenge na mutoto angali mwekundu mikononi, nikakuta shemeji yangu ameanika nyavu juu ya muti wa baba yangu.

Sisemi muti wa kuni. Nasema muti wa kuchezea biyari, wa kusukumia mipira juu ya meza, ule ambao fundi mumoja wa Katanga alimuchongea baba wakati baba angali kijana na anashinda kila bar ya mutaa wake. Una vipande viwili, vinafungwa kwa skurubu ya shaba. Kipande cha nyuma ni cheusi, kimepambwa kwa almasi ndogo za mfupa. Cha mbele ni cheupe, chembamba, laini. Tulipokimbia vita tuliacha vitanda, tukaacha masufuria, tukaacha mbuzi akiwa amefungwa. Muti ulivuka ziwa ndani ya kitenge, kati ya miguu ya baba. Huku Zambia njo alinifundisha kucheza, nikisimama juu ya kasha la bia. Na mbele ya kufa aliutia mukononi mwangu mimi, si mwa ndugu zangu wanaume. "Wewe njo uko na jicho," alisema.

Sasa muti huo ulikuwa umelazwa juu ya panda mbili nyuma ya nyumba ya mama mukwe, na nyavu mbichi zinachuruzika juu yake. Mimba yangu ilikuwa na shida, nilikaa sana kiliniki nikingoja kuzaa. Wakati wote huo muti ulikuwa pale, nyavu juu yake, mvua juu ya nyavu. Ulikuwa umebonyea katikati kama mugongo wa punda.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nyavu zilikosa pa kukaukia. Nikaona muti muzuri, umenyooka."

"Ulikuwa umenyooka."

Akacheka. "Eh, muke ya kaka, ni muti tu! Ku pori iko mingi."

Mama mukwe alikuwa anapasua samaki. Hakuinua hata macho. "Mwanamuke na biyari, wapi na wapi? Sasa uko mama ya mutu. Utie ku moto, utukaushie samaki."

Bwana yangu aliangalia vidole vyake vya muguu. Mambo yakiwaka, njo anaangalia huko.

Niliuvuta muti. Nyavu zikaanguka matopeni, nikaziacha. Aliyezianika azifue.

Ikaingia miezi ya kufunga ziwa, serikali inapokataza kuvua ili samaki wazae. Wanaume wote wa Kabuta, kijiji chetu, walihamia kwenye meza ya biyari, chini ya mabati ya bar karibu na bandari. Sisi wanawake hakuna aliyetufungia kitu. Nilikuwa nalima, nafua, nanyonyesha, na katikati ya hayo nanyoosha muti.

Kwetu hapa kila mutu anajua kunyoosha kafi ya mutumbwi. Unailoweka, unaipitisha juu ya makaa, unaikandamiza kwa mawe. Nami nikafanya vile vile. Ujinga gani! Kafi inachongwa kwa muti mubichi, ingali na maji yake, inasikia moto. Muti wa biyari ulikauka mbele mimi nizaliwe. Umepakwa vernis, ile rangi ya kung'arisha, na almasi zake zimeshikwa na kole, yaani gundi. Vernis ikatoa malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa uji. Almasi moja ikaruka ndani ya majivu. Nikayachambua kwa vidole, mutoto analia mugongoni, hadi nikaipata.

"Umeona?" mama mukwe akasema. "Moto wenyewe umeukubali."

Nililia, ndiyo. Halafu nikamunyonyesha mutoto, nikaanza upya.

Kipande cheusi hakikuwa kimepinda sana, kwa hiyo nikakiacha kipumzike. Almasi nikairudisha kwa kole ya fundi wa baiskeli. Cheupe nikakipara vernis yote kwa kigae cha chupa. Jioni, bukari, ugali wetu, ikichemka, nilikizungusha juu ya mvuke, mvuke tu, si moto. Nikakibana kwenye vigingi nilivyopiga nyuma ya nyumba, kisha nikakitundika ndani, jiwe la wavu likikivuta chini. Asubuhi kilikuwa kimerudia kiburi chake. Nikaelewa kwamba kukinyoosha haitoshi. Ni lazima kukipinda kidogo upande wa pili, ili kikirudi kikomee katikati.

Lakini katikati ni wapi? Jicho linadanganya. Meza ya nyumbani imepinda kuliko muti. Kabuta nzima kitu kimoja tu kiko sawa, ni lile jiwe lililo chini ya kitambaa cha biyari. Kwa hiyo nikafunga mutoto mugongoni, nikaenda.

Mwenye bar ni Mubemba, mutu munene wa maneno mengi. "Awe, bamayo! Hapana mama, hapa hatupimi watoto."

"Sikuja kupima mutoto. Nimekuja kupima muti."

Wakacheka wote. Nikaulaza juu ya meza, nikauviringisha. Tapu, tapu, tapu.

"Unatembea kama mulevi!"

"Utapigia mipira iliyo kwa jirani!"

Shemeji alicheka kuwapita wote. Nikauchukua, nikatoka. Nikarudi juma lililofuata, na lile la nyuma yake. Kila mara walicheka, na kila mara tapu zilikuwa ndogo. Hadi siku moja uliviringika toka ukingo hadi ukingo ukinong'ona tu. Hakuna aliyecheka.

Shemeji akaweka chini muti wa bar. "Bon, vizuri. Sasa imekuwa kitu. Lete. Batu ya Chisenga banakuya Jumapili kucheza na sisi, nitachezea huo. Ni muti wa nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ya kwetu. Wewe si muke wetu?"

Ulipopinda ulikuwa wangu, wa kuni. Umenyooka, ni wetu. Na mutoto ni vile vile: akilia usiku ni wa mama yake, akipata kazi ni wa ukoo. Nimechoka na hesabu hiyo.

"Muti sitoi," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Ukishinda sitoi, ukishindwa sitoi. Lakini kama unataka kuona kazi yake, simama hapo, tucheze."

Mipira ikapangwa. Pigo langu la kwanza lilikuwa aibu, mutoto alirukaruka mugongoni nikagonga kitambaa. Wakapiga miluzi. Ndipo bwana yangu, ambaye sikujua kama yuko, akatoka kwenye benchi ya nyuma. Akafungua kitenge, akamutwaa mutoto, akaketi naye mbele ya wanaume wote.

Mugongo ukawa mwepesi. Mukono ukaanza kukumbuka. Nilimufuata shemeji mupira kwa mupira, hadi ukabaki mweusi peke yake, na zamu ni yangu. Nikaupiga. Ukaingia vizuri kabisa, na mweupe, ule wa kupigia, ukaufuata shimoni.

Mweupe ukizama na mweusi, kwa sheria ya biyari umeshindwa. Nimeshindwa.

Shemeji akanyoosha mukono. "Umeona? Lete sasa."

"Nimepoteza muchezo. Muti sijaupoteza."

Akashika ncha, akavuta. Sikuachilia. Tulisimama vile, yeye huku na mimi huku, na vernis mpya niliyopaka ikilia chini ya viganja vyangu.

"Iwe, wewe," mwenye bar akamuambia shemeji, "kama unaogopa kucheza naye tena, sema tu, tukuletee kiti ukae."

Bar nzima ikalipuka. Shemeji akaachia, uso umevimba. Nikafuta mahali alipokuwa ameshika, nikapaka ncha chaki.

"Panga mipira," nikamuambia.